Pengo Moja Asubuhi

Kazi ya kwanza ya Syokau kila asubuhi ilikuwa kumpimia mama yake dawa. Kabla ya kwenda kisimani, kabla hata ya kuwafungulia mbuzi, aliitoa chupa kwenye kiondo kilichoning'inia nguzoni, akaitikisa vizuri, akatoka nayo nje penye mwanga. Aliimimina dawa polepole ndani ya kikombe cha bati huku akitazama ukanda wa karatasi uliobandikwa ubavuni mwa chupa. Ukanda huo ulikuwa umekatwa mapengo upande mmoja, kama meno ya msumeno. Dawa ikishuka kutoka pengo moja hadi la chini yake, hapo aliacha kumimina.

"Pengo moja, Mwaitu," alisema. Ndivyo watoto wa Ukambani wanavyomwita mama.

"Pengo moja," alijibu mama yake, Ndila, akanywa na kukunja uso.

Kisilu, mdogo wake Syokau, alikuwa akitazama kutoka mlangoni. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili.

"Na wewe Kisilu una mapengo mawili," Syokau alimtania. "Tukunywe leo au tukuweke kesho?"

"Ninyweni tu," akajibu Kisilu, "lakini mnipe uji kwanza."

Mama alicheka kidogo. Uji haukuwako.

Huo ulikuwa mwaka wa njaa ya makonge. Mvua ilikataa, ikakataa tena, na watu wakaishi kwa kukata mkonge, kuukwangua na kuuza nyuzi zake barabarani. Chifu alijua hayo. Bwana Shamba alijua. Gari lake lilipanda vilima vya Kilungu likitimua vumbi, likashuka likitimua vumbi. Lakini kitu kilicholetwa na serikali hakikuwa mahindi. Kililetwa kibarua kisicho na malipo: kila nyumba itoe mtu wa kuchimba mitaro, ili udongo usichukuliwe na maji ya mvua. Mvua yenyewe haikuwako, lakini mitaro ilikuwa lazima. Asiyefika alichukuliwa mbuzi.

Muthama, baba yake Syokau, alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na goti lisilokunjika. Kwa hiyo aliyekwenda mitaroni ni Ndila. Naye Ndila alikuwa mgonjwa. Tumbo lilimkaza kwa msokoto hadi akainama, na haja ndogo haikumpa nafasi. Akitoka tu kichakani, tayari inamwita tena, na ikija inakuja matone machache yenye maumivu. Askari wa chifu aliyesimamia mstari aliona hapo pa kuchekea.

"Tazameni huyu mama!" alipiga kelele. "Kila saa anakwenda kichakani kulipa kodi!"

Wengine walicheka kwa sababu askari alicheka. Wengine waliinamisha vichwa na kuendelea kuchimba. Ndila alilia usiku, na Syokau akamsikia.

Ndipo Muthama alipomchukua mkewe hadi dispensari iliyoko chini, karibu na barabara ya Mombasa. Syokau alifuatana nao. Dresa wa pale, yaani msaidizi wa daktari, aliitwa Hemedi, mtu mwembamba ambaye babu yake alitoka pwani na kufanya biashara Kitui. Watu wote walimwita daktari, naye aliacha kuwakataza. Alimpima Ndila, akamwuliza maswali mengi, kisha akaomba chupa. Siku hizo kila mgonjwa alikwenda na chupa yake, kwa kuwa serikali haikutoa. Asiyekuwa na chupa alirudi bila dawa.

Muthama alitoa chupa yake nyembamba ndefu ya kioo cha kijani. Aliipata vitani, akaitunza kuliko medali.

Hemedi aliiosha, akaijaza, akabandika ukanda.

"Sikiliza, mama," alisema. "Utumbo na kibofu vina misuli, kama mkono wako. Mkono ukikakamaa unauma, sivyo? Ndani ni vivyo hivyo. Dawa hii inaitwa beladona. Inalegeza misuli iliyojikaza, msokoto unatulia na kibofu kinakupa nafasi. Haiui mdudu, wala haiponyi kila tumbo. Kazi yake ni kulegeza tu."

"Anywe kiasi gani?" Muthama aliuliza.

"Pengo moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, kabla ya kula. Ukisahau, acha, usinywe mawili kufidia. Kinywa kitakauka kidogo, hilo usiogope. Lakini macho yakiona ukungu, moyo ukienda mbio, au haja ndogo ikikataa kutoka, acha dawa mara moja uje hapa. Beladona ikizidi ni sumu." Kisha akamgeukia Syokau, aliyekuwa akigusa karatasi kwa kidole. "Na wewe binti, unaona? Karatasi hii nimeikata kwa chupa hii. Hivi viwili ni kitu kimoja. Vikitengana, havina maana."

"Ndiyo, daktari," alisema Syokau.

Dawa ilimsaidia mama. Msokoto ulipungua, na akaweza kuchimba mtaro wake bila kukimbilia kichakani kila mara. Askari akatafuta mtu mwingine wa kuchekwa. Jirani yao, mzee Nzioka, alipopata habari alikuja na kikombe chake mkononi.

"Ndila, mwanangu, nionjeshe pengo moja. Mimi pia mkojo unanisumbua. Unatoka kwa shida kama maji ya kisima cha Agosti."

"Mzee, daktari alisema dawa si ya kugawana," Ndila alimjibu kwa heshima. "Wako unakataa kutoka, wangu unakataa kukaa. Hii itakufungia kabisa."

"Basi nitabaki na ugonjwa wangu," alisema Nzioka. "Angalau huo hakuna aliyeuandikia amri."

Dawa ilipoisha, Syokau alitumwa peke yake kuijaza. Hemedi aliosha chupa, akaijaza tena, akabandika ukanda mpya. Syokau aliiweka ndani ya kiondo na kuanza kupanda kilima.

Hakuwa amekula tangu jana yake. Mahali njia inapoachana na barabara palikuwa na mtomoko mmoja mkubwa. Watu walikuwa wameuchuma wote, lakini juu kabisa tomoko moja lilikuwa limebaki. Syokau alikitundika kiondo kwenye tawi la chini, akapanda. Alilifikia tunda, akalivuta. Mti mzima ukatikisika, na chini yake akasikia kishindo na sauti ya kioo.

Aliteremka akichubuka magoti. Shingo ya chupa ilikuwa imevunjika juu ya jiwe. Lakini chupa yenyewe ilikuwa imeegemea ukingo wa kiondo, na sehemu kubwa ya dawa ilikuwa bado ndani.

Hatua chache kutoka hapo, mwanamke aitwaye Mishi aliwauzia wasafiri chai chini ya kibanda cha makuti. Alimwona mtoto akilia, akamwita.

"We binti, umeumia?"

"Chupa ya baba! Ile ya vitani! Atanipiga!"

"Basi rudi kwa Hemedi, si hapo tu? Mwambie ukweli, akupimie upya."

"Atamwambia baba."

"Na akimwambia? Chupa ni kioo, mtoto. Vioo huvunjika."

"Tafadhali, mama, nipe chupa nyingine. Nitamwambia baba mwenyewe kesho."

Mishi alimhurumia. Alichuja dawa kwa kitambaa safi, asije mgonjwa akameza vigae, akaimimina ndani ya chupa yake mwenyewe. Chupa hiyo ilikuwa fupi na pana, yenye tumbo kama chungu. Syokau alilowesha ule ukanda wa karatasi, akaubandua taratibu, akaubandika kwenye chupa mpya kwa ukoko wa uji uliobaki kwenye sufuria ya Mishi. Ukanda ulizidi. Dawa, ilipoingia katika chupa pana, ilisimama chini sana, na mapengo mengi yakabaki juu yake bila kazi. Syokau aliona jambo hilo ni la ajabu. Kisha akararua kile kipande kilichozidi, akakitupa.

Chupa iliyovunjika hakuweza kuitupa. Aliificha nyumbani chini ya lundo la makapi ya mkonge.

Muthama aliiona chupa mpya hata kabla ya kusalimiwa.

"Hii si yangu. Yangu iko wapi?"

Syokau alikuwa ameandaa jibu njia nzima. "Dresa aliibadilisha, baba. Alisema ile ina ufa."

"Ufa!" Muthama alicheka kicheko kisicho na furaha. "Chupa iliyotoka Burma kwa meli, ikapanda gari la moshi Mombasa, ikashuka nami Makindu nzima kama yai, leo imepata ufa mkononi mwa dresa? Ameipenda, ameichukua. Walichukua ng'ombe wetu wakasema wamezidi. Wakachukua mbuzi wakasema hatukuchimba. Sasa wamefikia chupa."

Aliamini mara moja. Uongo ule haukuhitaji kusukumwa. Uliingia ndani ya hasira yake ukakuta kiti kimewekwa. Na tusimlaumu sana: kweli ng'ombe walichukuliwa, na mbuzi pia.

Asubuhi iliyofuata Syokau alimimina dawa kama kawaida. Kikombe kilijaa zaidi ya siku zote.

"Leo ni nyingi?" aliuliza mama.

"Ni pengo moja, Mwaitu," alisema Syokau, na macho yake yakatazama chini.

"Basi sawa. Ni wewe unayejua kusoma karatasi."

Akanywa. Akanywa mchana na jioni, na siku iliyofuata tena. Alilalamika kwamba kinywa kimekauka hata ulimi unashikana na meno. Lakini mwaka ule nani alikuwa na kinywa kibichi? Alipopepeta mtama kidogo walioupata, alisema punje zina ukungu, akadhani ni vumbi. Syokau aliona, na kila jioni alijiambia atasema asubuhi. Asubuhi ikifika, alikuwa na chupa mkononi na sauti yake ilisema maneno yale yale.

Kisha siku moja mchana watu wa mtaroni walimrudisha Ndila wakimshika mikono. Alikuwa ameanguka. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama jiko. Vidole vyake viliokota vitu hewani ambavyo hakuna mwingine aliyeviona. Alimtazama Syokau akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Tumbo la chini lilikuwa limevimba na kuwa gumu, na tangu jana hakuwa ametoa hata tone la mkojo.

"Mpeleke chini, Muthama," alisema mzee Nzioka. "Mpeleke sasa hivi."

Muthama alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti lake bovu limenyooka mbele. "Kwa nani? Kwa yule aliyemtilia sumu? Wamechukua chupa yangu nzuri, wakampa uchafu ndani ya chupa mbovu. Nikimrudisha watamalizia. Watu wetu wanaingia pale kwa miguu wanatoka kwa machela. Afe hapa, akitazamwa na watu wake."

"Muthama, huyu bado hajafa."

"Mzee, nimesema."

Hapo Syokau akaona jambo ambalo hakulifikiri. Aliogopa kupigwa, na kwa kuogopa kupigwa alikuwa amemfunga mama yake njia ya pekee iliyokuwapo. Baba hangeenda. Baba alikuwa amekaa juu ya uongo wa bintiye kama mtu aliyekaa mlangoni.

Alikimbia nyuma ya nyumba, akafukua makapi ya mkonge kwa mikono yote miwili. Alirudi na chupa ya kijani isiyo na shingo, akaiweka chini mbele ya baba yake.

"Dresa hakuichukua," alisema. "Ni mimi. Niliivunja nikichuma tomoko. Nikahamisha dawa, nikahamisha na karatasi."

Muthama aliitazama chupa yake.

Syokau aliogopa kwamba hakuelewa. Akamwaga dawa iliyosalia, akajaza maji ndani ya zote mbili. Akaubandua ukanda kwenye chupa pana, akaushikilia kwenye ile ya kijani, akamimina maji ya pengo moja ndani ya kikombe. Yalifunika chini ya kikombe tu. Akayamwaga. Akaushikilia kwenye ile pana, akamimina pengo moja. Maji yalipanda hadi nusu ya kikombe, nayo akayamwaga kwenye vumbi.

"Hivyo ndivyo nimempa," alisema. "Asubuhi, mchana na jioni."

Maji yale yalikuwa ya siku nzima, lakini hata Kisilu hakuyalilia. Muthama aliinua mkono, na Syokau akafumba macho. Mkono haukumfikia. Alipofumbua aliona baba yake ameutumia kujiinulia kutoka kwenye kigoda.

"Mzee Nzioka," alisema, "nisaidie na wanao. Tumbebe na kitanda."

Walishuka naye juani, wanaume wanne kwenye pembe za kitanda cha kamba, na Muthama nyuma akiburuta mguu. Barabarani walilisimamisha lori la serikali lililobeba majembe ya mitaro. Dereva alitoa kichwa nje.

"Nina amri ya majembe, sina amri ya wagonjwa," alisema, akaenda zake.

Wakaendelea kwa miguu.

Hemedi alifunua kope za Ndila. Mboni zilikuwa zimefunguka, nyeusi, pana kupita kiasi.

"Alikunywa nini? Na kiasi gani? Msinifiche."

Syokau alisogea mbele, akaeleza yote: tomoko, Mishi, ukanda, kipande alichokirarua, siku alizomnywesha. Alionyesha kipimo kwa vidole kwenye kikombe.

"Vizuri," alisema Hemedi. Hakumsifu, alikuwa tayari anatafuta vyombo. "Ningedhani ni malaria imepanda kichwani, ningemchoma sindano ya kwinini. Moyo ulivyo hivi, pengine usingevumilia."

Alichemsha mpira mwembamba wa kutolea mkojo, akaingia na mkunga wa pale, pazia likafungwa. Mkojo mwingi ulitoka, na tumbo likalainika. Walimpaka maji kwa vitambaa kupunguza joto, wakamlaza penye kivuli, wakawa wanamlowesha midomo. Dawa nyingine ya kuiondoa ile haikuwako. Ilibidi mwili uitoe wenyewe, ukiweza. Hemedi hakuwaahidi kitu.

Muthama alikaa kwenye ngazi ya dispensari. "Dresa," alisema baadaye, "jana ningekuja hapa, ningekuja kukupiga."

"Wengi huja kunipiga," alijibu Hemedi. "Huwa nawaambia wapange foleni." Kisha akakaa naye. "Lakini tusimwachie mtoto mzigo wote. Tangu vita viishe naomba chupa na vikombe vya kupimia. Mgonjwa angekuwa na kikombe chenye alama, karatasi isingekuwa na kazi. Unajua wameniletea nini? Picha ya Mfalme. Ile pale ukutani."

Siku iliyofuata, jua likiwa juu, Ndila aliomba maji. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akikunja macho kwa sababu mwanga ulimwumiza.

"Syokau," alisema. Na lilikuwa jina lenyewe.

Syokau alipiga magoti, akaweka uso kwenye kamba za kitanda, akalia.

Walipoondoka, Muthama aliomba dawa nyingine, safari hii kwa kipimo sahihi. Hemedi aliwaonyesha kabati. Kulikuwa na aspro, iodini na vumbi.

"Mtapata itakapoletwa," alisema.

"Lini?"

"Bwana Muthama, ningejua ningekuwa mimi ndiye mkubwa."

Njiani kurudi, Ndila alipandishwa juu ya punda wa Nzioka. Muthama alitembea nyuma pamoja na Syokau, mwendo wa goti lake. Mtoto alisubiri kuchapwa, na kusubiri kulimchosha kuliko kilima.

"Sitakuchapa," baba alisema mwishowe. "Lakini nisikilize, maana sitarudia. Wale walio juu yetu wametukosea sana, na wataendelea. Sikudanganyi kwamba siku moja watatuhurumia. Kwa sababu hiyo, ukiniletea uongo unaowahusu, mimi nitauamini kabla hujamaliza kusema. Ndivyo nilivyo sasa. Umeona uongo huo ulikotaka kutufikisha. Kosa lao liwe lao. Lako liwe lako, ulitaje mapema, likiwa bado ni chupa tu. Ukilichelewesha linakuwa mtu. Na dawa si chai. Ukiambiwa kipimo, kipimo ndicho dawa. Ukikibadilisha, umetengeneza kitu kingine."

"Nimesikia, baba."

"Na ile chupa," alisema Muthama, kisha akatembea kidogo kabla ya kumaliza, "ningekununia wiki moja. Ndiyo yote. Wiki moja tu."

Baada ya majuma machache msokoto ulimrudia Ndila, na ile haja isiyongoja ikarudi nayo. Askari wa chifu akapata tena mtu wa kumcheka. Mitaro ilifika hadi mgongo wa kilima, mizuri, mirefu, mitupu. Mara kwa mara Syokau alishuka hadi dispensari na chupa pana ya Mishi iliyooshwa vizuri, akapanda nayo kama alivyoshuka nayo.

Lakini kila asubuhi aliitoa kwenye kiondo, akaifuta vumbi, akaiweka tayari. Kisilu alimtazama kutoka mlangoni, meno yake mapya yameanza kuchomoza.

"Leo kuna pengo?" mama aliuliza kutoka ndani. Aliuliza kila siku. Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba dawa iko njiani, kwamba lori limeonekana, kwamba Hemedi ametuma salamu. Angefurahi hadi mchana.

"Hapana, Mwaitu," alijibu Syokau. "Hakuna."

Kisha akachukua jembe la mama yake, akatangulia mtaroni.